BAKI LINA MWENYEWE
Fumbo la tende, hesabu za mirathi na vifurushi vya Idd

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya swala ya Alasiri, katika kumi la mwisho la Ramadhani)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha kumi hili la mwisho tukiwa wazima. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake wote.

Walioandaa kikao hiki wameniomba nitoe mada ya hesabu. Naona wengine mnatazamana. Ati hesabu, na mtu amefunga! Shuleni tumeikimbia, na hapa msikitini imetufuata. Lakini hebu tufikirie kidogo. Mwezi huu tangu siku ya kwanza tunafanya nini? Tunahesabu. Tunahesabu siku, 29 au 30. Tunahesabu rakaa, tunahesabu juzuu. Na tukishahesabu, tunagawa. Tende kwenye sahani, sahani kwenye majamvi, sambusa kwa watoto ambao kila mmoja ana macho makali kuona mwenzake kapata ngapi. Na siku ya mwisho tunagawa Zakatul Fitri. Kwa hivyo hesabu haikuja leo, tulikuwa nayo mwezi mzima.

Nitaanza na fumbo, mchangamke kidogo mpaka adhana ya Magharibi. Halafu nitawaambia kwa nini nimelileta.

FUMBO LENYEWE

Vijana wameletewa kapu la tende msikitini wazipange kwenye sahani. Wakaanza kupanga mbili mbili kila sahani. Ikabaki tende moja. Wakazikusanya, wakapanga tatu tatu. Ikabaki moja. Nne nne, moja. Tano tano, moja. Sita sita, bado ile moja! Mmoja wao akasema wajaribu saba saba. Wakapanga, na safari hii sahani zote zikatimia, haikubaki hata tende moja.

Swali: kapuni mlikuwa na tende ngapi? Mjue tu kwamba hazikufika 400.

Usikimbilie simu. Simu itakupa jibu lakini haitakupa akili. Tuifanye pamoja.

Hiyo tende moja inayobaki kila mara ndiyo ufunguo. Hebu iondoe kwanza, iweke kando. Zilizobaki sasa zinagawika kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, kwa tano na kwa sita bila shida yoyote, sindio? Nambari ndogo kabisa inayogawika kwa hizo zote ni ngapi? Ile mnayoiita LCM darasani. Ni 60. Basi tende bila ile moja ni 60, au 120, au 180, au 240, au 300, au 360. Rudisha ile moja: 61, 121, 181, 241, 301, 361.

Sasa zijaribu kwa saba, moja moja. 61 inabakisha 5. 121 inabakisha 2. 181 inabakisha 6. 241 inabakisha 3. 301... saba mara 43 ni 301. Imetimia! 361 inabakisha 4. Jibu ni tende 301, katika sahani 43 za tende saba saba.

Ukitaka jibu linalofuata, ongeza 420, utapata 721. Ongeza tena 420, utapata 1141. Hayana mwisho. Ndiyo maana nilisema tende hazikufika 400, la sivyo kila mmoja angekuja na jibu lake na wote mngekuwa sawa.

FUMBO HILI NI LA NANI?

Mimi sikulitunga. Fumbo hili lina zaidi ya miaka 900, na mmoja wa walioliandikia ni mwanachuoni wetu, Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra, Iraq, karibu mwaka 965 na kufariki Cairo karibu mwaka 1040. Wengi wanamjua kwa kitabu chake kuhusu nuru na jicho. Lakini alikuwa bingwa wa hesabu pia. Aliuliza hivyo hivyo: nambari gani ukiigawa kwa mbili, tatu, nne, tano au sita inabaki moja, na ukiigawa kwa saba haibaki kitu? Akaeleza kwamba majibu ni mengi, na akatoa njia za kuyapata.

Njia yake moja ni fupi, ya kushangaza. Zidisha nambari zote zilizo chini ya saba: moja mara mbili mara tatu mara nne mara tano mara sita. Unapata 720. Ongeza moja. 721. Imekwisha. Ile 720 inagawika kwa zote kuanzia mbili hadi sita, kwa hivyo 721 lazima ibakishe moja kwa kila mojawapo. Na 721 ukiigawa kwa saba unapata 103 kamili.

Mwenye akili atauliza, je, ni bahati ya saba tu? Jaribu tano. Moja mara mbili mara tatu mara nne ni 24, ongeza moja ni 25, tano inaingia. Jaribu 11. Zidisha kutoka moja mpaka kumi, unapata 3,628,800. Ongeza moja, gawa kwa 11, inatimia. Lakini jaribu sita: zile za chini yake zikizidishwa ni 120, ongeza moja 121, na sita haiingii, inabaki moja. Siri ni kwamba njia hii hukubali kwa nambari zile tu ambazo hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe, kama 2, 3, 5, 7, 11. Kanuni hii leo vitabuni inaitwa kwa jina la Wilson, Mwingereza, kwa kuwa ilichapishwa Uingereza mwaka 1770 ikitajwa kuwa yake. Ibn al-Haytham alikuwa akiitumia zaidi ya miaka 700 kabla ya hapo.

Siyasemi haya ili tujigambe. Kujigamba kwa hesabu za babu na wewe hesabu zimekushinda, hiyo haisaidii. Nayasema ili kijana wa Kiislamu asifikirie kwamba somo hili ni la watu wengine. Ni lako. Ulilirithi, kisha ukaliacha mlangoni.

ILE MOJA INAYOBAKI

Sasa nije kwenye nilichotaka kusema. Mmeona kilichofungua fumbo? Si sahani zilizojaa. Ni ile tende moja iliyobaki. Angekuwapo kijana mmoja mwenye haraka akaitia mdomoni, fumbo lingekufa pale pale, na kapu lingekuwa na hesabu isiyojulikana.

Katika kugawa kwetu huku kwa kila siku, sisi huangalia sahani tu. Tukishampa kila mtu fungu lake tunasema tumemaliza. Baki tunaliona kama takataka, au kama ujira wa mgawaji. Na mimi nawaambia: uadilifu wa mtu haupimwi kwa sahani, unapimwa kwa baki. Sahani kila mtu anaziona. Baki huwa unaliona wewe peke yako na Mola wako.

Kuna hadithi ya kuchekesha, bila shaka wengi mmeisikia, ya mzee aliyeacha ngamia 17. Akausia kwamba mwanawe wa kwanza achukue nusu, wa pili theluthi, wa tatu moja ya tisa. Wakagawa wakashindwa, maana 17 haina nusu. Akapita mtu mwenye busara na ngamia wake mmoja, akamwongeza wakawa 18. Wa kwanza akachukua tisa, wa pili sita, wa tatu wawili. Jumla 17! Yule mtu akapanda ngamia wake akaenda zake. Watu hucheka wakasema ni muujiza.

Hakuna muujiza. Jumlisha nusu, theluthi na moja ya tisa. Hupati kitu kizima. Unapata 17 juu ya 18. Yaani yule mzee aligawa mali yake akaacha fungu moja katika 18 bila mwenyewe. Alisahau baki! Ngamia wa mgeni alikuja kuziba tundu ambalo wosia uliliacha wazi. Na kwa sheria yetu wosia wenyewe haungesimama, maana warithi wamekwisha kupangiwa na mtu hana ruhusa ya kuwabagua wanawe namna hiyo. Lakini kama fumbo, linafundisha.

MIRATHI: BAKI LIMEPEWA JINA

Linganisheni na elimu ya Faraidh, elimu ya mirathi. Msingi wake umo katika Suratun Nisaa: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi, sudusi. Mafungu haya yana watu wake. Na vikibaki vitu baada ya wenye mafungu kupewa? Havikuachwa hivyo hivyo. Kuna warithi wanaoitwa asaba, na kazi yao katika hesabu ni kuchukua kinachobaki. Yaani katika dini yetu baki lina jina na lina mwenyewe.

Tuchukue mfano. Mtu amefariki, ameacha mke mmoja, wana wa kiume watatu na binti mmoja, na ng'ombe 24, baada ya madeni kulipwa. Mke, kwa kuwa marehemu ana watoto, anapata thumni, moja ya nane. Ng'ombe watatu. Wamebaki 21. Hao ni wa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Wanaume watatu ni mafungu sita, na binti fungu moja, jumla saba. 21 gawa kwa saba ni tatu. Kila mwana wa kiume ng'ombe sita, binti ng'ombe watatu. Kumi na wanane na watatu na watatu: 24. Hakuna kilichopotea.

Na ikiwa mafungu yamezidi mali? Mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Mume ana nusu, dada wawili wana theluthi mbili. Ukizigeuza kuwa za sita, ni tatu na nne, jumla saba juu ya sita. Mali haitoshi. Hapa wanazuoni wengi walishika njia inayoitwa aul: badala ya sita, mali igawanywe kwa saba, na kila mmoja apungukiwe kwa kipimo kile kile. Kama ni shilingi 42,000, kila fungu ni 6,000. Mume 18,000, dada wawili 24,000, kila dada 12,000. Hakuna aliyeambiwa, "wewe umechelewa, vimekwisha."

Hesabu za namna hii ndizo zilizowasukuma wanazuoni kukuza elimu yenyewe. Al-Khwarizmi aliandika Baghdad, karibu mwaka 820, kile kitabu ambacho jina lake ndilo lililozaa neno aljebra. Na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Ile x inayowasumbua darasani, watu waliitafuta ili mjane na yatima wapate haki yao. Mpaka leo hapa Kenya, Waislamu wakigombania mirathi na kukubali kwenda kwa Kadhi, hesabu ni hizo hizo. Sasa jiulize, ndani ya nyumba yenu nani anaweza kuzifanya? Asiyejua kugawa hugawiwa, na hana la kusema.

VIFURUSHI VYA IDD

Nakuja karibu zaidi. Wengi wenu mko kwenye kamati za vijana, na siku hizi mnakusanya vyakula vya wasiojiweza. Niwape fumbo jingine, na hili si la mchezo.

Mna kilo 130 za mchele. Nyumba zilizoandikishwa ni 42. Ndani ya nyumba hizo mna watu 252. Mtagawaje?

Wa kwanza atasema, gawa kwa nyumba. 130 kwa 42 ni kilo tatu tatu, na zinabaki kilo nne. Rahisi, tena sawa kwa wote. Lakini angalia. Nyumba moja ina mama mjane na mwanawe, watu wawili. Kila mmoja amepata kilo moja na nusu. Nyumba nyingine ina watu tisa. Kila mmoja amepata theluthi ya kilo. Vifurushi ni sawa, matumbo si sawa. Anayetoa Zakatul Fitri anahesabu vichwa vya nyumba yake, kila kichwa pishi moja, yaani vibaba vinne. Mtoaji amehesabu vichwa, kwa nini mgawaji ahesabu milango?

Wa pili atasema, basi gawa kwa vichwa. Nusu kilo kwa kila mtu, 252 ni kilo 126, zinabaki nne. Nyumba ya watu tisa sasa inapata kilo nne na nusu. Lakini yule mjane ameshuka mpaka kilo moja. Naye jiko lake linataka kuwashwa kama majiko mengine.

Wa tatu atasema, tuchanganye. Kila nyumba kilo moja ya kuanzia, hizo ni 42. Kisha kila kichwa theluthi ya kilo, hizo ni 84. Jumla 126. Mjane anapata kilo moja na theluthi mbili, nyumba ya watu tisa inapata kilo nne kamili.

Sisemi ipi ndiyo lazima. Kamati ikae, iulize masheikh wake, iangalie hali za watu. Ninachosema ni kwamba "sawa" si neno moja. Kabla hujagawa sawa, lazima ujibu: sawa kwa nini? Kwa nyumba, kwa kichwa, au kwa haja? Kikokotoo hakiwezi kukujibu hilo.

Na mmeona jambo jingine? Njia tatu, na zote zimebakisha kilo nne. Hizo kilo nne ni za nani?

Hapa ndipo jamii huharibikiwa, ndugu zangu. Watu hawagombani juu ya zile kilo 126. Wanagombana juu ya nne. Wanaulizana barazani: ile iliyobaki ilikwenda wapi? Pengine haikwenda pabaya. Pengine alipewa msafiri, au mlinzi wa msikiti aliyesahauliwa kwenye orodha. Lakini kwa kuwa haikuandikwa, imani imekwisha, na mwakani mtu hatoi mchele wake kwenu. Kilo nne zimekula kilo 130.

Kwa hivyo naomba kamati zetu zishike mambo matatu. La kwanza, kabla ya kufungua gunia la kwanza, kubalianeni baki litakwenda kwa nani, na mwandike. Mkingoja mpaka mlione, kila mtu atakuwa na jamaa yake wa kumpendekezea. La pili, pimeni. Suratul Mutaffifin nzima imepewa jina la watu wanaopunja vipimo, basi tusipunje kwa mkono wa kukisia. Azimeni mizani ya duka, haitawagharimu kitu. La tatu, mkimaliza, bandikeni karatasi ukutani: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki na kilipokwenda. Mistari minne tu. Si lazima kutaja majina ya waliopokea, wasitiriwe.

Na kwa Zakatul Fitri hasa, msisahau kwamba ina wakati wake. Itoke kabla ya swala ya Idd. Baki lake halina kesho. Lisikae stoo likingoja kikao cha mwezi ujao, na hali kuna mtoto ambaye asubuhi ya Idd kwao hakupikwi kitu.

KAZI YA NYUMBANI

Nawaachia fumbo la Idd mlichezee na ndugu zenu. Asili yake ni kitabu cha kale cha Uchina kiitwacho kwa jina la Sunzi, cha takriban miaka 1500 iliyopita. Mimi nimelivalisha kanzu tu.

Mama amepika kaimati. Akizipanga tatu tatu, zinabaki mbili. Akizipanga tano tano, zinabaki tatu. Akizipanga saba saba, zinabaki mbili. Ni zaidi ya 100 lakini hazikufika 150. Ni ngapi?

Anzeni kwa kuangalia mabaki. Tatu na saba zote zimebakisha mbili, hapo ndipo mlango ulipo. Ukipata jibu, lijaribu mwenyewe kwa tatu, kwa tano na kwa saba. Likikubali yote matatu, huhitaji mwalimu kukuwekea alama.

Nimalizie na jambo dogo kuhusu siku hizi zilizobaki. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604. Wengi wetu tulinuia kusoma kurasa nne baada ya kila swala ya faradhi. Nne mara tano ni 20 kwa siku, na kwa siku 30 ni 600. Zinabaki nne. Na mwezi ukiandama siku ya 29, umesoma 580, zinabaki 24. Usingoje mwezi uandame ndipo uzitafute. Zianze leo usiku, baada ya Tarawehe, moja moja, baki lako lisije likawa deni.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutimiza vipimo, atutakabalie saumu zetu na swala zetu, na atufikishe Idd kwa salama sisi na wale tutakaowagawia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.